Mchezo wa kompyuta bila mwalimu si tiba

Wapo wanaodhani kwamba mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo akikabidhiwa tableti iliyojaa michezo, basi ametibiwa. Dhana hiyo yafaa ipingwe mapema, kabla haijaota mizizi katika shule za Meru na Embu.

Sisemi kwamba michezo hiyo haina manufaa. Mnamo Juni 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mchezo uitwao EndeavorRx kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la kutomakinika. Lakini ulikusudiwa uandamane na matibabu mengine. Jirani zetu wa Uganda nao walifanya utafiti, uliochapishwa mwaka 2009, kuhusu watoto walionusurika malaria ya ubongo. Watoto hao walipewa mazoezi ya kompyuta kwa vipindi 16 katika majuma 8, na uwezo wao ukapimwa kabla na baada. Hapo ndipo penye tiba: katika ratiba, usimamizi na upimaji.

Je, mtoto wa Maua au Siakago atayapata hayo? Tableti zenyewe si ngeni, kwani mpango wa serikali ulioanza 2016 ulizipeleka katika shule za msingi za umma. Ila mchezo unaosema Kiingereza cha Marekani kwa mtoto ajuaye Kimeru au Kimbeere pekee humwacha palepale alipokuwa, na pengine humzidishia upweke. Wameru wana kiothi, mchezo ulio jamaa ya bao. Ndani yake mna kuhesabu, kungoja zamu na kumkabili mwenzako uso kwa uso, mambo ambayo mtoto mwenye usonji huyaona magumu mno. Kwa nini wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Embu, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, wasiunde mchezo wa namna hiyo kwa lugha ya nyumbani, wakishauriwa na walimu wa elimu maalum?

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, yaani umri uleule ambao ulemavu huu hufaa kutambuliwa. Basi kaunti hizi mbili zisingoje Nairobi. Kabla ya kununua tableti hata moja, ziajiri katika kila wadi mwalimu aliyesomea elimu maalum, wa kuketi na mtoto, kumtazama akicheza na kuandika daftarini amepiga hatua gani tangu juma lililopita.