Marufuku Haikuizima Hoja ya Ardhi

Serikali ya Kenya ililipiga marufuku Mombasa Republican Council (MRC), kundi lililotaka Pwani ijitenge, mwaka 2010, lakini kauli yake ya “Pwani si Kenya” haikuzimika. Ilizidi kuandikwa kwenye kuta na kujadiliwa mabarazani, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Wako wasemao watu walichochewa tu, na kweli Likoni, Mombasa, haijasahau damu iliyomwagika katika ghasia za Agosti 1997. Ila uchochezi hauelezi kwa nini mtu mzima asiye na chama, anayeishi nyumba ya udongo kwa kuwa hana hatimiliki na anahofia kujenga ya mawe ikaja kubomolewa, alianza kutega sikio. Huyo hakuvutwa na mkataba wa 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa Pwani, ambao MRC iliutegemea. Alisikia dhiki yake ikitajwa kwa maneno matatu. Ndiyo maana tunaamini kwamba hatimiliki za shamba la Waitiki, ekari 930 zilizokaliwa na maskwota, zilizotolewa Likoni mwanzoni mwa 2016, zilikuwa jibu zito kuliko doria za polisi, ingawa kuwatoza maskwota hao malipo kuliupunguza uzito huo. Wanaokwenda Kisauni na Changamwe kuomba kura za 2027 waseme wazi: ardhi ipi itapimwa, lini, na kwa gharama ya nani.