Ni TB Ama Ni Kansa? Kwa Nini Picha Moja ya Kifua Haitoshi

Msee anakohoa wiki tatu, anakonda, usiku analoa jasho. Mtaani kila mtu ashatoa hukumu: hiyo ni TB. Hosi anapigwa eksirei, doa jeupe liko kwa pafu, dawa za miezi sita zinaanza. Miezi sita ikiisha, doa liko palepale na limenona. Hapo ndio watu huanza kutaja kansa, na muda ushaenda.

Si ati daktari ni mjinga. Kenya iko kwa orodha ya WHO ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hivyo akiona doa anawaza kitu anakutana nacho kila siku. Ngori ni kwamba kansa ya mapafu na TB huvaa nguo moja: kikohozi, damu, kukonda, maumivu ya kifua.

Eksirei nayo ni picha bapa. Mbavu, moyo na mapafu zinapangana juu ya nyingine, uvimbe mdogo unajificha hapo nyuma. Skani ya CT inakata kifua vipande vyembamba kama mkate, unaona saizi, kingo, na kama tezi za katikati zimevimba. Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 53,000 uliotoka 2011 ulionyesha kuwa kupima wavutaji sugu wa sigara kwa CT ya mionzi kidogo kulipunguza vifo vya kansa ya mapafu kwa 20%, ukilinganisha na eksirei.

Kuna pia PET. Unadungwa sukari yenye mionzi, na seli zenye njaa ya sukari zinawaka. Lakini manze, hata TB huwaka! Ndio maana picha pekee haifungi kesi. Lazima kipande kitolewe kipimwe maabara. Skani inaonyesha tu sindano iende wapi.

Sasa tuongee siasa. 2015 serikali ilianza kukodishia hospitali za kaunti mashine. Zingine zilifika zikakaa tu, stima hakuna, wa kuziendesha hakuna. 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara anakatwa 2.75%. Kelele zote ni za doo. Lakini mashine haijisomei picha. Swali la kuuliza gavana wako ni hili: nani anazisoma, na majibu yanatoka baada ya siku ngapi?

Kama uko kwa dawa za TB na makohozi yako hayakuwahi kuonyesha vijidudu, na huoni mabadiliko, usiziache kivyako. Rudi kwa daktari, uliza kuhusu CT. Na ile bahasha kubwa ya eksirei ya zamani, usiitupe. Doa la leo husomwa vizuri likiwekwa kando ya la mwaka jana.