Mapatano Katika Waya wa Simu

Kama uliwahi kuingia katika intaneti kwa simu ya waya miaka ya 1990, bila shaka waukumbuka mlio ule wa kukwaruza masikio. Wengi waliuona kero tupu. Kumbe modemu mbili zilikuwa zikipatana.

Iliyopigiwa ilianza kwa mlio mwembamba wa mitetemo 2,100 kwa sekunde, ambao pia ulizima mitambo ya kuzuia mwangwi, ili zote mbili ziweze kusema kwa pamoja. Kisha kila moja ikataja mwendo inaoumudu, zikaupima waya kwa milio ya namna namna. Modemu za kanuni ya V.34, iliyotolewa mwaka 1994, zilifikia biti 28,800 kwa sekunde. Waya mbovu ulizishusha chini ya hapo.

Neno likipotea katika mazungumzo, sikio hulijazia lenyewe. Tarakimu haijaziwi: moja ikigeuka, mshahara wa mtu umebadilika. Ndiyo maana kanuni ya V.42, ya mwaka 1988, iliikata habari mafungu mafungu, kila fungu likiandamana na hesabu ya kulihakiki. Modemu iliyopokea ilihesabu upya. Zisipolingana, fungu lilitupwa, likatumwa tena. Mtumiaji hakuambiwa lolote. Aliona kuchelewa tu, na dakika za simu (hapo ndipo palipouma) zikaendelea kulipiwa.

Waya ukichafuka mno, modemu zilisimamisha kazi, zikapimana tena na kukubaliana mwendo wa chini. Na mtoto akiinua simu ya chumba cha pili, mara nyingi mawasiliano yalikatika kabisa.