Bwana Bond Hakuzaliwa: Nembo za Kampuni za Kubuni Katika Filamu za Majagina na Katika Nchi ya Chai

Kuna mazoea mawili yanayozuia nembo za kampuni za kubuni katika filamu za majagina, yaani filamu za kina Batman, Iron Man na wenzao, zisichukuliwe kuwa suala la uhakiki. Ya kwanza ni ya wale waonao kwamba nembo ni pambo tu: msanii amechora herufi chache juu ya jengo lisilokuwapo, kamera imepita, hadithi imeendelea. Ya pili, ambayo yameenea zaidi miongoni mwa wanafunzi wa uzamili wanaoipenda filamu, ni ya wale waisifuo nembo kwa uhalisia wake: ati Stark Industries inapendeza kwa kuwa inafanana na kampuni ya kweli ya silaha, na Wayne Enterprises inafanana na shirika ambalo mtu angeweza kununua hisa zake. Mazoea ya kwanza ni uvivu. Ya pili ni mabaya zaidi, kwa sababu yanachukulia kwamba kampuni ya kweli ni kitu kisichobuniwa, na kwamba ndiyo mizani ya kupimia ubunifu wa filamu. Mhakiki aliyepita Kericho na Bomet akasoma vibao vya barabarani hana udhuru wa kuamini hivyo.

Arthur Brooke alifungua duka la chai mjini Manchester mwaka 1869, na biashara yake ikaitwa Brooke Bond. Brooke alikuwa yeye mwenyewe. Bond hakuwahi kuwako. Hapakuwa na mshirika wa jina hilo. Neno lenyewe, ambalo katika Kiingereza hubeba maana ya ahadi na dhamana, liliteuliwa ili jina lisikike vizuri na mnunuzi ajione amepewa neno la muungwana. (Neno hilo lina pia maana ya kifungo. Maana hiyo haikusisitizwa kwenye pakiti.) Huyu ni mhusika wa kubuni kwa kila kigezo kifundishwacho katika mihadhara ya fani: ana jina, ana sifa, ana dhima. Katika miaka ya 1920 mhusika huyo aliwasili Kericho na kumiliki mashamba. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilikuwa imetenga eka 25,000 za nchi ya Wakipsigis kwa mpango wa maafisa walemavu wa Kiingereza ulioitwa kwa kifupi BEADOC. Maafisa hao walijaribu kulima kitani wakashindwa, na ukanda huo ukawa wa kampuni za chai. Leo Brooke ni kituo cha biashara nje ya mji wa Kericho, mahali pa kushukia matatu. Mtu aliyeishi Manchester amekuwa mahali, na mtu asiyeishi popote alikuwa mwenye shamba. Anayedai kwamba kampuni za kubuni zilianzia katika sinema za Marekani na aeleze jambo hilo kwanza.

Na ziangaliwe sasa filamu zenyewe, kwa makini yale yale ambayo riwaya hupewa. Katika *Iron Man* (2008), Tony Stark, mtengenezaji wa silaha, anashambuliwa nchini Afghanistan. Kombora linaanguka mchangani kando yake. Kabla halijalipuka anapata muda wa kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake, nayo ni jina la kampuni yake, yaani jina la baba yake na lake mwenyewe. Wahakiki wa tanzia wamekiita kipengele hiki utambuzi tangu enzi za Aristotle. Linalopasa kuzingatiwa ni kwamba hapa utambuzi haukuletwa na mjumbe, wala kovu, wala barua iliyopotea njiani. Umeletwa na nembo. Mchoro ambao hadi dakika hiyo ungeweza kuitwa pambo unabeba mgogoro mzima wa hadithi, na mtazamaji asiyeuona kombora lile lilivyoandikwa hajaelewa kwa nini mtu huyu anabadilika. Katika *The Avengers* (2012), jina STARK limesimama kwa herufi kubwa juu ya mnara jijini New York; baada ya vita herufi zimeanguka, imebaki A peke yake, ambayo ndiyo alama ya kundi. Mali ya mtu mmoja imegeuka ishara ya jamaa bila hati yoyote kutiwa saini. Ni ndoto ya kibwanyenye iliyo kamili, na imeelezwa kwa herufi moja. *Captain America: The Winter Soldier* (2014) huenda mbali zaidi: beji ya tai ya shirika la SHIELD inagunduliwa kuwa imewahifadhi kwa miaka mingi wafuasi wa Hydra, adui yule yule ambaye shirika lilidai kupigana naye. Jagina hapendekezi beji isafishwe. Anataka shirika lenyewe livunjwe.

Thamani ya nembo hizi iko hapo, na uongo wao uko papo hapo. Filamu hizi zinashikilia kwamba kila nembo ina mtu nyuma yake, na kwamba mtu huyo anaweza kulazimishwa kuisoma akaona haya. Hilo ni dai la kimaadili lenye uzito. Uongo unaingia pale filamu inaporidhika na haya hiyo. Stark anaitisha waandishi wa habari, anatangaza kufunga kitengo cha silaha, na mali inabaki kuwa yake. Tena, kabla kisa hakijaanza, skrini nzima hujaa nembo nyekundu ya Marvel, ambayo tangu mwaka 2009 ni mali ya Disney, na hiyo haina mhusika yeyote katika hadithi wa kuulizwa kwayo. Mtazamaji hufundishwa kuishuku nembo ya kubuni baada ya kuipigia makofi ile ya kweli. Wapenzi wa uhalisia hawajapata kulieleza hili, kwa maana nadharia yao haina mahali pa kuliweka.

Itasemwa kwamba haya ni mambo ya sinema na kwamba idara ya fasihi ina kazi nyingine. La hasha. *Petals of Blood* ya Ngũgĩ wa Thiong'o imesomwa katika idara hizi tangu ilipotoka mwaka 1977, na ni nini Theng'eta katika riwaya hiyo ikiwa si chapa ya biashara ya kubuni? Kinywaji cha wazee wa Ilmorog, chenye miiko yake na nyakati zake za kunywewa, kinageuka kuwa riziki ya Wanja na Abdulla, kisha kuwa kiwanda kilicho mikononi mwa wenye mtaji. Jina halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani anayelimiliki. Mhakiki aliyefundisha kisa hicho kwa miaka na bado akaiona nembo ya Stark kuwa pambo, amefundisha kisa asichokielewa.

Nchi ya chai imeupindua mpango wa Ngũgĩ: huko majina hubadilika na shamba hubaki. Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984, na katika miaka ya 2000 kampuni ya Kericho ikaitwa Unilever Tea Kenya. Novemba 2021 ilitangazwa kwamba biashara hiyo ya chai, iliyokwisha kupewa jina jipya la ekaterra, ingeuzwa kwa CVC Capital Partners kwa yuro bilioni 4.5, uuzaji ulikamilika Julai 2022. Muda si mrefu jina likawa Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2023 Browns Investments ya Sri Lanka ilichukua mashamba ya James Finlay, jirani na mshindani wa tangu ukoloni, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba ndiyo itakayochukua na yale ya Lipton. Jina ekaterra linastahili kusimamiwa kidogo. Hata kama waliolibuni hawakuwaza Kiswahili, limeanza na eka na kuishia na neno la Kilatini la ardhi. Mtunzi wa kejeli angelipeleka jina hilo kwa mhariri, mhariri angelikata kwa kuwa linatia chumvi: kampuni iitwayo eka-na-ardhi, katika nchi ambayo Wakipsigis na Watalai waliipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka huo huo wa 2022, kwa sababu ya eka na ardhi.

Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Unilever ilieleza kushtushwa na kuhuzunishwa. Lakini ilikuwa imekwisha kuuza, miezi saba nyuma. Ikumbukwe kombora la Stark: sharti la utambuzi ni kwamba msomaji wa nembo awe bado ni mwenye nembo. Hapa sharti hilo halikuwapo. Aliyesoma aliweza kusema kwa ukweli kwamba jina lililo langoni si lake tena, na mwenye jina jipya kwamba yaliyosimuliwa yalianza kabla ya zamu yake. Mei 2023, vijana wa Kericho walipochoma moto mashine za kuchuma chai zilizowanyima wachumaji kazi, walichoma kitu chenye chuma na injini, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikishikika. Kwa hiyo kuisifu filamu kwa kufanana na kampuni za kweli ni kuisifu kwa jambo isilolifanya. Kampuni ya kubuni ya sinema ni ya kizamani na ina mwenyewe. Kampuni ya kweli ndiyo iliyojifunza hila za usimulizi wa kisasa, ikamfuta msimulizi.

Na bado majina ya mahali yapo. Viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA huitwa Kapkatet, Litein, Kapkoros, Mogogosiek, na chai yao hufika kwenye mnada wa Mombasa kwa majina hayo hayo, yamechapwa kwenye mifuko na kuorodheshwa katika katalogi. Wanunuzi huyasoma kwa makini, maana bei hutegemea jina. Baada ya hapo majani ya Kapkoros huchanganywa na ya kwingineko, na pakiti nyingi zinazopelekwa ng'ambo huandikwa jina la Thomas Lipton, mfanyabiashara wa Glasgow aliyefariki mwaka 1931.