Kisanduku cha "Ndiyo" na "La"

Mficha maradhi kilio humfichua, walinena wahenga wetu. Lakini wahenga hao hawakupata kujaza fomu ya kuajiriwa. Laiti wangalijaza, huenda wangalisita kidogo kabla ya kuitoa methali hiyo.

Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake nitalisitiri, aliahirisha masomo mwaka mzima. Alilazwa hospitalini kwa maradhi ya akili, akatibiwa, akapata nafuu, akarejea darasani na kufuzu vyema kuliko wengi wetu tuliokuwa tukimteta pembeni. Alipopata nafasi ya kufundisha katika shule moja ya kibinafsi, alipewa fomu ya afya. Swali mojawapo liliuliza: umewahi kuugua ugonjwa wa akili? Mbele yake palikuwa na visanduku viwili, "Ndiyo" na "La". Aliniambia kwamba kalamu ilimwia nzito kuliko katika mtihani wowote. Mwishowe alitia alama kwenye "La".

Kabla hujamhukumu, mpenzi msomaji, mfikirie na mwingine aliyemtangulia kuhitimu. Huyo alitia alama kwenye "Ndiyo" kwa moyo mweupe. Mahojiano alikuwa ameyapita na siku ya kuripoti alikwisha kutajiwa. Simu aliyoahidiwa haijalia hadi leo.

Kisheria, wote wawili wana kinga. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au hata anayeomba kazi, kwa sababu ya hali yake ya akili. Na shauri likifika mahakamani, ni mwajiri anayetwikwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Katiba ya mwaka 2010 nayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya na kulinda faragha ya mtu. Sheria ni nzuri. Ila sheria huushika ulimi uliosema, na mwajiri asiyepiga simu hajasema neno.

Wapo watakaouliza: je, mwalimu mkuu hana haki ya kujua anayemkabidhi watoto wa watu? Anayo haki ya kujua kama mwalimu huyo anaimudu kazi leo. Swali la "umewahi" halimwambii hilo. Anayeugua sasa hivi na hajapata kumwona daktari atajibu "La" bila kusema uwongo, naye ataajiriwa. Atakayezuiwa mlangoni ni yule aliyekubali kutibiwa. Tazama basi ujumbe tunaompa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekosa usingizi wiki ya tatu sasa: usiende hospitali, rekodi itakufuata. Kwa maoni yangu, hilo ndilo dhara kubwa la kisanduku kile. Bunge letu lilitunga sheria mwaka 2006 iliyomkataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya UKIMWI ili apate kazi. Sioni kwa nini kisanduku hiki kisiondolewe vivyo hivyo.

Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kunawa mikono. Tunayo maneno sonona na unyogovu, lakini tumeyaacha yalale kamusini, huku mabwenini tukitaniana kwa kichaa, mwehu na mwendawazimu. Hata Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Anayesoma maneno "ugonjwa wa akili" kwenye fomu huyasikia matusi yote hayo kwa pamoja.

Ewe unayehitimu mwaka huu, usilazimike kulitaja lisiloulizwa. Kunyamaza si kudanganya. Lakini simshauri mtu kuandika uwongo na kuutilia saini, kwa kuwa uwongo huo waweza kuwa kisingizio cha kumfuta kazi hata kama utendaji wake hauna ila. Afadhali kuacha pengo na kuandika kwamba uko tayari kueleza lolote linalohusu uwezo wako wa kufanya kazi hiyo. Najua ni rahisi kwangu kusema hivi. Si mimi ninayeingoja simu.

Yule wa "La" aliajiriwa, ila alitakiwa kuhudhuria kliniki mara moja kila mwezi. Katika muhula wa kwanza aliomba ruhusa kwa kuwazika wajomba watatu, wote wakiwa hai hadi sasa. Muhula wa pili wajomba walipokwisha, alimwendea mkuu wa idara yake, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akamweleza kwamba anatumia dawa na kwamba anahitaji siku ya kumwona daktari. Mama yule hakuuliza ugonjwa wenyewe unaitwaje. Aliuliza kliniki huwa siku gani, akaambiwa ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, akachukua penseli na kuvihamishia vipindi viwili siku ya Alhamisi.