Nyumba Isiyofiwa

Katika mji wa Savatthi, kaskazini mwa India, mwanamke aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mwanawe wa pekee. Akawa anambeba, mwili umekwisha poa, akiomba dawa kwa kila aliyekutana naye, hata akafika kwa Buddha. Buddha hakumwambia ajikaze. Alimtuma alete punje za haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa.

Haradali ilikuwamo katika kila jiko. Kilichokosekana ni nyumba. Hapa baba, pale binti, kule wote wawili. Mpaka jioni Gotami alikuwa amesikia misiba ya mji mzima, na mikono yake ikaweza kumwachilia mtoto.

Kisa hiki ndicho kilichotufanya tuandae toleo hili. Kwangu mimi, dawa ilikuwa ule mwendo wa kubisha hodi.

Buddha alifundisha pia juu ya mishale miwili: wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni ule tunaojichoma wenyewe kwa hofu na majuto. Mafundisho ya namna hii yameingia hospitalini. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, kutulia na kuufuatilia mwili na pumzi. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale wakaunda tiba ya kuzuia sonona isirudi. Aliyewahi kuugua sonona, huzuni ndogo tu humwamshia mawazo yale ya zamani. Hufundishwa kuyaona yakija, na kuyatambua kuwa ni mawazo. Katika utafiti wao wa kwanza, walionufaika ni wale waliokwisha ugua mara tatu au zaidi.

Nayaheshimu sana matokeo hayo. Lakini naogopa mfano wa mishale ukigeuzwa fimbo, mwanamke anayepigwa nyumbani akaambiwa kinachomtesa ni fikra zake. Mshale wa kwanza ni wa kweli, na mara nyingi aliyeurusha anajulikana. Tena wapo walioumizwa vibaya ambao, wakifumba macho na kunyamaza, hurudishwa palepale walipoumizwa. Hao wanahitaji mtu wa kuketi nao kwanza.

Kwa hiyo tuliwaomba waandishi wetu, kabla ya kueleza habari ya pumzi, watuambie mgonjwa alikuwa na nani, na nani alimfungulia mlango.