Soko la "wingu" halipimwi kwa vichwa



Wapo wanaotabiri kuwa Tanzania itakuwa soko kubwa la huduma za wingu kwa sababu tu tuko wengi: sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Hesabu hiyo siikubali hata kidogo.

Hapa Pearl ninapoandikia palikuwa bahari. Wakafukia, na sheria ya 2004 ikawafungulia wageni mlango wa kumiliki nyumba. Mnunuzi alitengenezewa njia. Wingu nalo hivyo hivyo: Microsoft ilifungua vituo vyake Qatar Agosti 2022, Google ikafuata Mei 2023, nchi ya watu kama milioni 3 tu! Serikali ilishakaa nao mezani kabla.

Kwetu, Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza mradi wa dola bilioni 1 Olkaria, Kenya, penye umeme wa mvuke. Si Dar.

Mkataba mmoja wa wizara wa miaka kumi una uzito kuliko simu milioni za vocha za jero. Basi wabunge waulize: serikali itanunua kiasi gani, kwa miaka mingapi, na ankara ikija kwa dola nani atabeba shilingi ikianguka?